Kuongeza Paneli ya Sola ya Kubeba kwenye Kempa ya Pikapu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kempa, yaani kile kichumba cha kulala kinachopakiwa nyuma ya pikapu, anayetaka umeme wa jua bila kutoboa paa. Paneli tunayoizungumzia ni ile inayokunjwa kama sanduku au kama blanketi: unafika, unaitoa, unaisimamisha juani, unavuta waya hadi kwenye kempa. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue paneli gani. Kwangu mimi hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, kwa kuwa paneli nyingi za siku hizi hufanya kazi. Umeme hupotelea njiani, kati ya paneli na betri, na majibu marefu hapa chini yanahusu hiyo njia.

Kwa nini paneli ya kubeba, si ya kufunga paani?

Kwa sababu ya kivuli kwanza. Mwenye kempa hupenda kuegesha chini ya mti, na paneli haipendi mti. Ya paani huenda gari linakokwenda. Ya kubeba inaweza kukaa juani, mita kumi kutoka pale ulipojificha na joto.

Halafu kuna pembe. Paneli ya paani imelala chali mchana kutwa. Jua likiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, saa za asubuhi au jioni, paneli iliyolala hupata nusu ya mwanga ambao ingepata kama ingegeuzwa kulikabili jua. Ya kubeba unaigeuza kwa mkono. Tena paa la kempa ni dogo, na aghalabu lina tundu la hewa, feni, pengine na kiyoyozi juu yake. Ukipiga skrubu zaidi, kila tundu ni mahali pa kuvujia mvua siku zijazo.

Hasara zake nazo zipo: haichaji ukiwa barabarani, inakula nafasi ndani, inaibika, na upepo unaipenda. Kama desturi yako ni kulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri, nakwambia mapema kwamba itabaki imefungwa kitandani. Anayefaidi ni yule anayekaa siku tatu nne mahali pamoja.

Nahitaji wati ngapi?

Chukua karatasi, andika kila kinachokula umeme na kwa saa ngapi. Tuseme kempa ya watu wawili. Friji ya kompresa inayovuta wati 40 na kufanya kazi nusu ya muda, kwa saa 24, ni wati-saa 480. Taa za LED za wati 10 kwa saa nne, 40. Pampu ya maji huvuta sana, kama wati 60, lakini kwa siku haizunguki zaidi ya robo saa: 15. Simu mbili, 30. Kompyuta ya mkononi ikichajiwa mara moja, 60. Feni ya wati 20 kwa saa sita, 120. Jumla ni 745.

Sasa njoo upande wa mapato. Paneli iliyoandikwa wati 200 haitakupa wati 200. Namba hiyo hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1000 kila mita ya mraba na seli zikiwa kwenye nyuzi joto 25. Juani seli hufika 60 bila taabu, na kila nyuzi moja zaidi ya 25 hula takriban asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu. Hapo peke yake asilimia 12 hadi 14 imekwenda. Weka na vumbi, pembe na waya. Mimi huhesabu asilimia 70 ya kilichoandikwa. Mahali penye saa tano za jua kamili kwa siku (si saa tangu jua kuchomoza hadi kuzama, bali mwanga wa siku nzima ukikusanywa kana kwamba wote ulikuwa wa saa sita mchana), hesabu ni 200 × 5 × 0.7, yaani wati-saa 700.

Kwa hiyo kempa yetu ya mfano inakaribia kujitegemea kwa wati 200. Kwa wati 100 itakuwa inakopa kila siku mpaka betri ilale. Ondoa friji kwenye orodha na wati 100 zinatosha na kubaki. Friji ndiyo inayoamua, vingine ni chenji.

Neno la pembeni kwa wenye friji ya gesi: ule upande wake wa volti 12 unaweza kuvuta ampea 10 au zaidi bila kupumzika. Usiuwashe kwa sola. Ikiegeshwa, iache kwenye gesi.

Ya kioo au ya blanketi?

Ya kioo ni nzito na ngumu. Ya wati 200 inaweza kufika kilo 15 au zaidi. Blanketi ni jepesi na hujipenyeza popote, ila mishono yake huchoka kwa kukunjwa na utando wake hukwaruzika. Kwenye kempa ya pikapu uzito una hesabu yake: kempa, maji, gesi, watu na mizigo vyote vinabanwa na kiwango kimoja cha uzito wa gari. Kama tayari uko ukingoni, chukua blanketi. Kama sivyo, mimi ningechukua kioo.

Kontrola ni ya lazima?

Ni ya lazima. Kontrola ni kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa kama volti 18 ikiwa kazini, na kama 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Betri ya kawaida haitaki kuzidi 14 na kitu. Ukiifunga paneli moja kwa moja kwenye betri na kwenda matembezini, utaikuta betri ya maji inachemka. Ya lithiamu itajikata yenyewe kama mlinzi wake wa ndani ni mzima. Kontrola pia huzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku.

PWM au MPPT?

Hizi ni aina mbili za kontrola. PWM huishusha paneli mpaka volti ya betri. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5.5 kwa volti 18. Betri ikiwa volti 13, PWM inakupa ampea zilezile 5.5 kwa volti 13, sawa na wati 72 hivi. Zilizobaki hazikufika. MPPT huiacha paneli kwenye volti inayoipendeza, kisha hubadilisha volti iliyozidi kuwa ampea, na hukupa zaidi ya 7.

Hayo ndiyo maelezo ya dukani, na ni kweli, ila yana mpaka. Paneli ikipata joto volti yake hushuka kuelekea 15, na betri ikikaribia kujaa volti yake hupanda, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili hupungua sana mchana wa jua kali. MPPT hulipa zaidi kwenye baridi, kwenye paneli mbili zilizofungwa kwa mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), na pale waya unapokuwa mrefu. Kwa paneli ya kubeba waya huwa mrefu daima, basi chukua MPPT.

Paneli yangu ilikuja na kontrola mgongoni. Naweza kuichomeka kwenye soketi ya sola iliyo ubavuni mwa kempa?

Inategemea soketi hiyo inaelekea wapi, na watu wengi hukwama hapa bila kujua.

Soketi za ubavuni ziko za aina mbili. Ya kwanza huingia moja kwa moja kwenye betri. Ya pili huingia kwenye kontrola iliyofungwa ndani, pengine ileile inayotumikia paneli za paani. Ukiichomeka paneli yenye kontrola kwenye soketi ya aina ya pili, umepanga kontrola mbili foleni. Ya kwanza imekwishakata volti kufikia 13 au 14, ya pili inasubiri volti za paneli ambazo haziji. Unachopata ni matone, au hakuna kabisa. Mara nyingi ile ya mgongoni haioni betri upande wa pili, basi inakataa hata kuamka.

Kujua soketi yako ni ya aina gani, hakikisha hakuna paneli iliyounganishwa popote, kisha pima soketi kwa mita ya kupimia volti. Ukisoma volti 12 au 13, ile ya betri yako, soketi imeshikana na betri moja kwa moja: tumia kontrola ya mgongoni. Ukisoma sifuri au volti kidogo zisizoeleweka, huenda inapitia kontrola, au fyuzi imeungua, au waya umekatika. Hapo hakuna njia ya mkato, fuata waya kwa macho mpaka mwisho wake. Kama una paneli za paani, zifunike au pima usiku, zisije zikakudanganya.

Ikithibitika kuwa soketi inapitia kontrola ya ndani, iondoe ile ya mgongoni kwenye njia. Paneli nyingi za sanduku zina nyaya zinazochomoka nyuma, kati ya paneli na kontrola. Unaunganisha waya mrefu pale na kuiruka kontrola. Lakini soma kwanza uwezo wa kontrola ya ndani. Iliyoandikwa ampea 10 na tayari inabeba paneli ya paani haitaki mgeni wa wati 200.

Basi kontrola ikae wapi hasa?

Karibu na betri. Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili.

Paneli yangu ya kwanza ilikuwa ya sanduku, wati 200, kontrola mgongoni. Nikainunulia waya wa kurefusha wa mita 10, mwembamba, milimita za mraba 2.5, maana ulikuwa rahisi kukunja. Siku ya tatu kambini friji ilianza kulia usiku kwa volti ndogo. Mchana nikienda kwenye paneli, kontrola inaonyesha 14.4, taa ya kijani, imejaa. Nikirudi kwenye kempa, betri inasoma 12.8. Nilidhani mita imekufa. Nikabadilisha betri ya mita, nikapima tena, namba zilezile.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa kama omu 0.0074 kwa mita. Mita 10 kwenda na 10 kurudi ni 20, sawa na omu 0.148. Pitisha ampea 11 humo na unapoteza volti 1.6 njiani. Kontrola haikuwa inaiona betri, ilikuwa inaona mwanzo wa waya. Huko volti zilikuwa 14.4, ikaamua mgonjwa amepona, ikaanza kupunguza dawa.

Kontrola ikikaa karibu na betri, waya mrefu unahamia upande wa paneli. Volti bado zitapotea, lakini zinapotea kwenye 18 ambayo ina ziada ya kutosha, na kontrola inasoma betri kama ilivyo. Kati ya kontrola na betri acha mita moja, mbili kwa shida. Niliihamisha yangu, nikaifunga ukutani ndani ya kabati la betri, nje ya sanduku lenyewe la betri, na waya uleule mwembamba ukaanza kunipa chaji ya kueleweka kabla sijaununulia mwenzake mnene.

Waya uwe mnene kiasi gani?

Kwa paneli moja ya wati 200 ya volti 18, umbali wa mita 10: waya wa milimita za mraba 4 unapoteza kama volti 1, wa 6 kama 0.7, wa 10 kama 0.4. Kontrola ikiwa upande wa betri, wa 4 unavumilika na wa 6 ni mzuri. Ikiwa bado imebaki mgongoni mwa paneli, hata wa 10 si anasa.

Iko njia nyingine. Kama sanduku lako lina paneli mbili za wati 100 ndani, na una MPPT, zifunge kwa mfululizo: volti zinakuwa 36, ampea zinabaki 5.5. Waya uleule wa 4 sasa unapoteza nusu volti tu, tena kati ya 36. Hakikisha tu kontrola inakubali volti hizo. Kontrola iliyoandikwa 75/15, kwa mfano, huvumilia volti 75 upande wa paneli na hutoa ampea 15 upande wa betri. Kumbuka kwamba baridi hupandisha volti za paneli. Kwenye barafu zinaweza kuzidi zilizoandikwa kwa asilimia 10 na zaidi, kwa hiyo usijaze nafasi yote.

Soketi ina pini mbili bapa. Chanya ni ipi?

Usiamini rangi, wala usimwamini aliyekuuzia. Soketi hizi bapa hufungwa tofauti na watengenezaji tofauti, na paneli ya huyu ikikutana na kempa ya yule, chanya inaweza kuishia kwenye hasi. Mita mkononi: ncha nyekundu upande unaodhani ni chanya, nyeusi upande wa pili. Namba ikija bila alama ya kutoa, uko sawa. Ikija na alama ya kutoa, imegeuka. Pima soketi, kisha pima plagi ya paneli juani, ndipo uzikutanishe. Kama zimepishana, kuna kiunganishi kifupi cha kugeuza kinachouzwa kwa kazi hiyo. Kifunge kwa mkanda upande mmoja wa waya kisitoke tena.

Kempa yangu haina soketi ya sola. Lazima nitoboe?

Si lazima. Kabati la betri mara nyingi lina mlango wa nje au tundu la kutolea hewa, na waya hupita hapo. Matundu ya hewa ya friji ya gesi pia yana mianya. Kwenye betri funga kipande kifupi cha waya cha kudumu, ncha zake zikiwa na vichwa vyenye tundu vya kubanwa kwa nati, na upande wa pili plagi nzito. Wakati wa kambi unachomeka tu.

Zile klipu za meno zinazokuja na paneli ni za majaribio. Nimeziona zikiteleza kwenye betri kwa mtikisiko wa mtu kupanda kitandani.

Fyuzi?

Upande wa chanya, karibu na betri kadiri mkono unavyofika. Fyuzi hulinda waya, na kinachoweza kuuchoma waya ni betri, si paneli. Paneli moja ikipigwa shoti hutoa ampea zake chache tu, lakini betri inaweza kumwaga mamia. Kwa kontrola ya ampea 15 watu huweka fyuzi ya 20, ila mradi waya unaihimili. Soketi iliyoshikana na betri moja kwa moja bila fyuzi ni waya wa moto uliotoa kichwa nje ya kempa.

Kipi kiunganishwe kwanza?

Betri kwanza, paneli mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola husoma betri ili ijue iko kwenye mfumo wa volti ngapi. Ikiamshwa na paneli bila betri, baadhi huchanganyikiwa na baadhi huharibika.

Tayari nina paneli paani. Zinagombana?

Hazigombani, kila moja ikiwa na kontrola yake na zote mbili zikikutana kwenye betri. Betri ikiwa chini zote humwaga. Ikikaribia kujaa, moja hupumzika mapema kidogo kuliko nyingine, nawe hudhani imeharibika.

Kuziunganisha zote kwenye kontrola moja kunawezekana kama volti zake zinakaribiana na kontrola ina nafasi. Ya volti 18 sambamba na ya 36 (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ni ndoa mbaya, maana ya 36 huvutwa chini. Kontrola ya pili inakupunguzia maswali.

Na waya wa kuchaji unaotoka kwenye pikapu?

Alteneta na sola zinaweza kuchaji betri moja kwa wakati mmoja bila madhara. La kuangalia ni ukiegesha. Kama hakuna kifaa kinachotenganisha betri ya gari na ya kempa injini ikizimwa, friji ya kempa itakunywa betri ya kuwashia gari usiku kucha, na asubuhi sola itakuwa inalisha betri mbili badala ya moja. Kwa mfumo usio na kitenganishi, chomoa ile plagi kubwa iliyo kati ya kempa na pikapu mara tu unapofika. Mtu hulisahau hilo mara moja tu.

Betri ya maji, betri kavu au lithiamu?

Sola haichagui, kontrola ndiyo inayoambiwa. Ziko kontrola zenye kitufe au programu ya kuchagulia aina ya betri, na kosa la kawaida ni kubadilisha betri bila kubadilisha mpangilio huo.

Betri ya maji na betri kavu hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inakupa wati-saa 600 hivi za matumizi. Zinahitaji pia saa kadhaa za chaji ndogondogo mwishoni, ndiyo maana paneli ya kubeba inazifaa: hukaa juani siku nzima. Ya maji hutoa gesi ya hidrojeni ikichaji, basi sanduku lake lipumue nje.

Lithiamu ya fosfati ya ampea-saa 100 hukupa karibu wati-saa 1280, na unaweza kutumia karibu zote. Masharti yake mawili: usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na zima ile hatua ya kontrola inayopandisha volti kupita kiasi ili kusawazisha seli za betri za maji.

Kusoma kiasi kilichobaki nako kunatofautiana. Betri ya maji iliyopumzika husema ukweli kwa volti: 12.7 imejaa, 12.1 au 12.2 ni nusu. Lithiamu hukaa kwenye 13 na kitu karibu safari nzima halafu inaanguka ghafla, kwa hiyo inataka kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kivuli kidogo tu cha tawi kina ubaya gani?

Mkubwa kuliko ukubwa wake. Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 zilizopangwa msururu mmoja, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisimama, wote nyuma yake wanasubiri. Ili msururu mzima usife, watengenezaji huweka diodi za kuruka, mara nyingi mbili, kila moja ikilinda seli 18. Kivuli kikifunika seli moja vizuri, diodi yake huruka nusu nzima ya paneli.

Ukisikia hivyo utasema basi nimebaki na nusu ya umeme. Hujabaki nayo. Nusu ya paneli hutoa volti kama 9, na betri iko kwenye 12 au 13. Maji hayapandi mlima. Hutapata chochote cha maana, ingawa sehemu kubwa ya kioo bado inang'aa juani. Paneli ya kubeba ilinunuliwa ili kulikimbia jambo hili, kwa hiyo tembea. Kamba ya kuanikia nguo, antena, mguu wa kiti, kofia ya mtu aliyeitundika pembeni: vyote vinahesabika. Paneli mbili zilizofungwa sambamba huvumilia zaidi, kwa kuwa moja ikifunikwa mwenzake anaendelea.

Nielekeze wapi, na niigeuze mara ngapi?

Simamisha kalamu wima juu ya kioo, kitako chake kikigusa paneli. Tazama kivuli chake. Inua, shusha, zungusha paneli mpaka kivuli kimezwe na kalamu yenyewe. Hapo imelikabili jua sawasawa.

Huna haja ya kuifuata kila dakika. Ukikosea kwa nyuzi 30 unapoteza asilimia 13 tu. Ukikosea kwa 60 unapoteza nusu. Kugeuza mara tatu, yaani ukiamka, mchana na alasiri, kunatosha. Kama utakuwa matembezini siku nzima, ielekeze kusini ukiwa kaskazini mwa dunia, kaskazini ukiwa kusini mwa dunia, na karibu na ikweta ilaze kidogo tu. Angalia pia kivuli kitakuwa wapi saa tisa, si kilipo sasa.

Iache ipumue nyuma. Blanketi lililotandazwa juu ya boneti jeusi la gari linapikwa pande mbili.

Upepo, mvua na wezi?

Upepo kwanza: paneli iliyoinuliwa ni tanga. Miguu yake ya alumini haiwezi kitu. Funga kamba kwenye vigingi au tundika mfuko wa mchanga au chupa ya maji katikati ya miguu. Ukienda mbali na mawingu yanajikusanya, ilaze.

Mvua haiidhuru paneli ya kioo, ila soma kuhusu kontrola ya mgongoni na soketi za USB, kwani nyingi hazikuumbwa kwa maji. Wezi: mnyororo mwembamba wenye plastiki kupitia fremu hadi kwenye kempa, na usiku irudi ndani. Ukisafiri, ilaze bapa kitandani kati ya godoro na blanketi zito, kioo kikiangalia kioo.

Naweza kuendesha kiyoyozi au maikrowevu?

Maikrowevu kwa dakika tatu, kama inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na betri vinahimili ampea 100 hivi. Hiyo ni kazi ya betri, paneli italipa deni baadaye. Kiyoyozi, hapana.

Paneli haichaji. Nianzie wapi?

Anzia kwenye paneli, waya zikiwa zimechomolewa. Juani inapaswa kusoma kama volti 20 hadi 22. Ikisoma sifuri, tatizo ni plagi au waya wake. Ikisoma kama nusu, diodi moja imeungua na kushikana. Ikisoma vizuri, usifurahi bado: paneli iliyo kivulini nayo husoma volti nzuri ikiwa haina mzigo. Volti peke yake haithibitishi kuna ampea.

Sogea kwenye kontrola. Pima pale waya wa betri unapoingia, kisha pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, paneli ikiwa inachaji. Namba mbili zikitofautiana zaidi ya nusu volti, mkosaji ni waya, plagi iliyolegea au fyuzi yenye kutu. Gusa viungo kwa mkono; kilicho cha moto kuliko vingine kimejitaja.

Kama kila kitu kinasoma sawasawa na bado kontrola inaonyesha ampea 0.3 saa sita mchana, usifungue skrubu yoyote. Washa feni, taa zote, fungua bomba pampu ingurume, kisha rudi kwenye kontrola. Ampea zikipanda, betri ilikuwa imeshiba.